Paa la Tishari Ndilo Ukumbi Wao

Siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, mitaa ya Mangobo na Kabondo hapa Kisangani hujaa vijana waliopakana unga mweupe kuanzia nywele hadi shingoni. Wanaimba, wanapuliza filimbi, wanapakiana nyuma ya baiskeli za toleka. Wiki chache baadaye utawakuta baadhi yao mahali tofauti kabisa: wamekaa juu ya magunia ya mchele kando ya mto Kongo, unga umeshaoshwa, macho mazito kwa usingizi. Familia inashuka Kinshasa kwa ndugu, na mtoto anapelekwa kutafuta chuo. Meli ilisemwa itatoka Jumatatu. Leo ni Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Naanza na kungoja kwa sababu safari ya mto, kwa kijana wa miaka 16 hadi 19, huanzia hapo ufukweni, kabla kamba haijafunguliwa. Wazazi wanahangaika na tiketi na karatasi za mizigo. Wadogo wanalala chini ya turubai. Hawa wa katikati wanaachiwa kazi ya kulinda mali, na mlinzi wa mali hana budi kujuana na mlinzi wa pembeni yake, maana naye atataka maji, naye atataka kwenda haja. "Yaya, uniangalilie hii kidogo." Urafiki mwingi wa mto huu umezaliwa kwa maneno hayo. Wangu ulizaliwa hivyo mwaka 1987, nilipokuwa na miaka 17 na baba yangu ametuamuru, mimi na dada yangu, tusitoke juu ya madebe manane ya mawese hata nyumba ikiungua.

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa njia ya maji ni zaidi ya kilomita 1,700. Juu ya mji wetu kuna maporomoko ya Boyoma, ambayo hayapitishi meli, na ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu. Chini ya mji, mto uko wazi hadi mji mkuu. Ndege ipo kwa mwenye uwezo, lakini familia ya watu saba yenye mchele, mawese, kuku na godoro haipandi ndege. Inapanda meli ya kusukuma, yaani injini nyuma na matishari yaliyofungwa mbele yake, mawili, manne, wakati mwingine sita. Au inapanda mashua ndefu ya mbao, balenieri, mizigo tumboni na watu juu ya mizigo. Enzi za ONATRA, shirika lililopewa jina hilo mwaka 1971 na ambalo leo ni SCTP, meli ya abiria ilishuka kwa muda wa wiki moja hivi na kupanda kwa zaidi kidogo. Siku hizi hesabu ni wiki tatu, nne, hata zaidi, kutegemea injini, kina cha maji na michanga ambayo mto huihamisha kila msimu.

Wiki nne ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu wa miaka 17. Mtu huyo hukaa wapi, na nani, akifanya nini? Swali hili limenisumbua kwa muda mrefu kuliko maswali mengi ninayoandika humu.

Wenye meli za kitalii za bahari ya Karibi wamelijibu kwa njia yao. Kampuni ya Carnival ina ukumbi wa vijana wa miaka 15 hadi 17, unaitwa Club O2. Disney ina wake, Vibe, wa miaka 14 hadi 17. Humo mna muziki, michezo ya skrini, dansi za usiku na wasimamizi wa kuwaunganisha watoto wasiojuana. Lakini aliyetimiza miaka 18 hutolewa ukumbini, na katika meli zinazoondoka bandari za Marekani haruhusiwi kununua bia kabla ya miaka 21. Anabaki akizunguka kwenye korido za meli yenye watu elfu nne, hana kundi. Disney ililiona pengo hilo, ikaanzisha mikutano ya wenye miaka 18 hadi 20 na kuiita 1820 Society. Sisemi haya kwa dharau. Watu wale wamekaa chini wakafikiria mtoto wa miaka 18 anahitaji nini safarini, na sisi tunaosafirisha watoto wetu mtoni tangu enzi za mababu hatujawahi kukaa chini hivyo.

Ila mto una kitu ambacho ukumbi hauna. Hapa cheti cha kuzaliwa hakigawi watu. Umri unapimwa kwa unachoweza kubeba na kwa fedha unayoweza kuaminiwa nayo. Binti wa miaka 18 hasukumwi pembeni. Yeye ndiye anayeshika mfuko wa chumvi na sabuni za kubadilishana, na mama yake akiugua ndiye anayeamua kama samaki wale wanunuliwe au waachwe.

Asubuhi ni ya kazi. Kuchota maji kwa ndoo yenye kamba ni kazi ya vijana, na ina elimu yake. Meli inatembea, ndoo ikijaa huvutwa nyuma kwa nguvu za kutisha, na aliyezungusha kamba kiganjani huenda nayo. Wakubwa wanakufundisha siku ya kwanza: kamba ikae kwenye kiganja kilicho tayari kufunguka, ndoo itupwe mbele ya pale uliposimama, ivutwe kabla haijakupita. Ndoo ikikushinda, iache iende. Baada ya maji kuna moto wa mbabula, sombe la kutwanga, ndizi za kuchemsha na kuponda ziwe lituma. Mchana bati linaunguza na kila mtu anajificha chini ya turubai. Wasichana wanasukana. Wavulana wanacheza dama kwa vizibo vya chupa, karata, ludo. Anayechaji simu kwenye jenereta ya meli analipa, na huko kwenye foleni ya waya wanakutana wa tishari la kwanza na wa tishari la nne, ambao bila foleni hiyo wangefika Kinshasa hawajaonana.

Ikifika saa kumi na nusu jioni, bati linapoa. Hapo wanapanda.

Paa la tishari ndilo ukumbi wao. Hakuna aliyelitenga kwa ajili yao. Wamelichukua tu, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wazee hawawezi ngazi na wadogo wamekatazwa. Wasichana wanacheza nzango: mistari miwili inatazamana, mmoja anatoka mbele, makofi, kuruka, mguu unatupwa, na mguu uliokutana na wa mpinzani ndio unaoamua pointi. Mchezo huu, uliokuwa wa viwanja vya shule, sasa una mashindano rasmi katika Kongo zote mbili. Juu ya bati lakini unasikika kama ngoma, na abiria wa chini hugonga kwa fimbo kulalamika. Jua likizama, wanaanza nyimbo za kwaya. Mkatoliki, Mkimbangu na Mprotestanti wanagundua kwamba wanazijua nyimbo zilezile kwa maneno yanayotofautiana kidogo, na saa nzima inapita wakibishana maneno ya nani ni sahihi. Baadaye spika ndogo inawashwa, ndombolo inaingia, na wazazi chini wanajua kwamba ibada imekwisha.

Kuna jambo la lugha pia, na kwa msomaji wa Kiswahili halipaswi kupita bila kutajwa. Lugha yetu ilifika kwenye maporomoko haya na misafara ya wafanyabiashara kutoka mashariki. Tippu Tip mwenyewe alikuwa gavana hapa kuanzia 1887. Kisangani ndipo inapokutana uso kwa uso na Kilingala. Meli ikitoka bandarini, paani kunasemwa zote mbili. Ikipita Yangambi, kisha Isangi pale mto Lomami unapoingia, kisha Basoko kwenye mdomo wa Aruwimi, Kiswahili kinapungua kidogo kidogo kama mafuta ya taa. Ikifika Bumba, aliyebaki nacho anakitumia kwa siri zake. Nimewaona mabinti wa Kabondo wakikiweka akiba kwa makusudi, wawaseme wavulana wa Lisala mbele yao bila hatari.

Na saa inabadilika. Mkoa wetu wa Tshopo unatumia saa ya mashariki ya nchi, mikoa ya Mongala na Équateur saa ya magharibi, hivyo kati ya Basoko na Bumba simu zinarudi nyuma saa moja. Vijana wanaichukulia kama zawadi. Mama akisema, "Saa tatu muwe mmeshuka," wanauliza, "Saa tatu ya wapi?"

Simu hizo zenyewe hulala kimya sehemu kubwa ya safari, maana mtandao unapatikana karibu na miji na unapotea katikati. Zamani sehemu hizi za mto hazikuwa kimya. Walokele wa Yakusu na Isangi walikuwa na ngoma za kusema, zenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zilizobeba habari kutoka kijiji hadi kijiji. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyeishi Yakusu na kujifunza kuzipiga, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Leo kijana wa Kisangani anaingia kwenye siku tatu za ukimya ambazo babu yake hakuzijua. Siku ya kwanza ananyanyua simu kila dakika. Siku ya tatu anakumbuka hadithi za bibi yake na anagundua kuwa ana wasikilizaji.

Sasa nije kwenye mitumbwi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote.

Unaona kwanza kidoa cheusi kwenye kivuli cha kisiwa. Mtumbwi haufuati meli, unaitangulia: wapiga kasia wanakata maji kwa pembe ili wakutane nayo mbele, na kwa pumzi moja mmoja anadaka ukingo wa tishari huku mwenzake akitupa kamba. Wakikosa, mawimbi ya injini yanawapindua, na wengi wamepotea hivyo. Wakipata, biashara inaanza. Samaki wa moshi, kwanga, ndizi, nguruwe, viwavi kwenye majani. Wanataka chumvi, sabuni, betri, dawa, nguo. Wakishauza hukaa wamefungwa ubavuni kwa saa kadhaa, kisha wanaachia na kupiga kasia kurudi nyumbani.

Waangalie wanaopiga kasia. Wengi wana umri uleule wa walioko paani. Miaka 16, 17. Binti amesimama nyuma ya mtumbwi, kasia ndefu kuliko yeye, na hatetereki. Juu yake amekaa binti mwingine mwenye cheti kipya cha serikali ndani ya begi, na huyo wa juu hajui hata kuogelea. Wanatazamana. Kwa dakika chache hakuna anayejua nani amwonee mwenzake wivu. Kisha mmoja anauliza bei, na mazungumzo yanaenda mbali kuliko bei: nywele umesukwa na nani, Kisangani kukoje, ni kweli umeme unakatika hata huko?

Mwaka ule wa 1987, mahali fulani chini ya Basoko, mvulana wa rika langu alikaa ubavuni mwa tishari letu tangu adhuhuri hadi jua lilipolala. Alishauza samaki wake wote. Alikuwa akitazama daftari langu la hesabu, nililokuwa nikilipitia ili nionekane msomi mbele ya wasichana wa tishari la pili. Akaniomba. Nikamwambia limejaa, halina ukurasa mtupu hata mmoja. Akasema ndiyo maana analitaka. Daftari tupu angepata Basoko. Nikampa. Akanipa samaki mkubwa, mongusu, aliyekuwa amemficha chini ya majani kwa ajili ya nyumbani kwao. Nilitaka kumuuliza aliacha shule mwaka wa ngapi, lakini kamba ilikuwa imeshafunguliwa na mto ukamchukua. Mama alifurahi sana kwa samaki yule. Mimi sikula.

Elimu ya namna hiyo hakuna msimamizi wa ukumbi anayeweza kuipanga. Ndiyo sababu sikubaliani na wazazi wenzangu wanaosema kwamba meli ni mahali pa kuharibika watoto tu, kwamba afadhali wauze kiwanja wamlipie mtoto ndege. Kizazi kimoja kimeshanyimwa mto huu, nasi tuliona. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliukata vipande viwili, Kisangani upande wa waasi, Mbandaka na Kinshasa upande wa serikali. Kijana aliyetimiza miaka 17 mwezi Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita ndani ya mji wetu, aliijua meli kwa masimulizi. Alikulia katika mji usio na pa kwenda, watu wakitembea kwa baiskeli. Leo ana miaka zaidi ya 40, ana watoto wa rika hili, na anapowapeleka bandarini hana la kuwaambia kuhusu safari, kwa sababu naye hakuambiwa wala hakusafiri.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye nzango na samaki.

Mwezi Aprili 2025 mashua ya mbao yenye injini iliwaka moto karibu na Mbandaka. Moto ulitoka kwenye jiko la mtu aliyekuwa akipika ndani. Waliokufa walizidi 100, na wengi walikuwa wamejitupa majini hawajui kuogelea. Serikali imepiga marufuku mara kadhaa mashua za mbao kusafiri usiku, na usiku zinasafiri, zikiwa hazina taa wala orodha ya abiria. Jaketi za kuokolea, pale zinapokuwapo, hufungiwa stoo. Paa ninalolisifu halina ukingo. Nimemwona kijana akirudi nyuma hatua tatu ili apigwe picha, na mkono wa mtu asiyemjua ukamdaka kola.

Na wasichana wana hatari yao ya peke yao. Kila mama wa mto anajua kanuni ya kulala: binti katikati, mama upande mmoja, mizigo upande wa pili, taa ya betri chini ya kichwa. Choo kiko mwisho wa tishari, na usiku njia ya chooni inapita kwenye giza na kwenye wanywaji wa lotoko. Mabinti wamejitengenezea ulinzi wao, hawaendi chini ya watatu, na anayetaka kwenda anaamsha wenzake bila kuomba radhi. Nawasifu kwa hilo, na inanichoma kwamba wamelazimika kulibuni wenyewe. Balbu moja kwenye korido ya choo inagharimu kiasi gani kwa mwenye meli anayechoma mafuta mapipa kwa mapipa? Mama mmoja mwenye heshima akipewa safari ya bure kwa sharti la kuwasimamia mabinti, meli itapoteza nini? Ukingo wa bomba la chuma kuzunguka paa, kimo cha kiuno, fundi yeyote wa kuunga vyuma hapa Makiso anaweza kuufunga kwa siku mbili. Haya hayahitaji mkutano wa wafadhili.

Kuna na la kwetu sisi wazazi: kuogelea. Wagenia wa hapa maporomokoni hawamngoji mtoto akue ndipo ayajue maji. Anayajua kabla hajaujua ubao wa darasa. Sisi wa mjini, tunaokaa kilomita mbili kutoka mto huohuo, tunamlea mtoto miaka 18 akiuogopa, kisha tunampandisha juu yake kwa mwezi mzima. Jumapili familia nyingi huvuka kwa mtumbwi kwenda kutembea kisiwa cha Mbiye, chenye msitu wake na urefu wa kilomita kama 14. Wanabeba chakula, wanapiga picha, wanarudi jioni. Safari hizo fupi zingeweza kuwa shule. Kila nikienda nawaona vijana wamekaa katikati ya mtumbwi wameshika kingo kwa mikono miwili, na mvulana wa Kigenia wa miaka 12 amesimama nyuma yao akipiga kasia kwa raha zake.

Wiki iliyopita nilimsindikiza bandarini binti wa dada yangu, dada yuleyule wa madebe manane. Ana miaka 17, amefaulu, anakwenda Kinshasa na mama yake na wadogo watatu. Meli ilikuwa imechelewa siku tisa, na katika siku hizo tisa alikuwa ameshajua majina ya nusu ya tishari. Mama yake alikuwa bado anahesabu mifuko, yeye ameshapanda paani na wengine kama kumi, miguu inaning'inia. Dada alimwita ashuke, akashuka, akapewa ndoo na kamba mpya ya nailoni, kazi yake ya kila asubuhi hadi Kinshasa. Honi ikalia. Tishari lilipoanza kuachana na ufukwe nilimpigia kelele juu ya vichwa vya watu, nikamkumbusha habari ya kamba. Hakusikia, au alijifanya. Nikapiga tena. Safari hii akaweka ndoo chini, akanyanyua mkono juu, akakifungua kiganja na kukifumba, akakifungua tena ili nione vizuri.

"Nimejua, noko!" akasema. "Naachia!"